Kalenda ya majemadari wa imani: picha nzuri, karatasi nyepesi

Nianze na bei, ili asiyetaka maneno mengi aondoke mapema. Kalenda hii inauzwa kando ya njia Tom Mboya Street, Nairobi, karibu na jengo la Archives. Muuzaji ataitisha shilingi 400. Ukimsalimia vizuri na usionyeshe haraka, utaondoka nayo kwa 300. Ni ya kutundika ukutani, kurasa 12, waya wa kuzunguka juu na kitanzi cha msumari katikati. Kila mwezi umepewa kiongozi wa vita ambaye mchapishaji anamwona kuwa shujaa wa imani, na chini ya picha kuna mistari michache ya Kiswahili kabla hujafika kwenye tarehe. Mchapishaji simtaji jina. Nina ya kumlaumu, na sitaki kesi na mtu.

Mimi ni fundi wa nguo, kibanda changu kiko Makina, Kibra. Nashona sare: za shule, za bendi za makanisa, za askari wa kampuni za ulinzi. Za jeshi sishoni, na ukiniletea kitambaa cha jungo, kile cha kijeshi, utarudi nacho kwako, maana sheria ya Kenya haina mzaha na raia anayevaa magwanda. Kwa ajili ya kazi hiyo, nikionyeshwa picha ya jemadari jicho langu huanzia begani, likashuka kwenye vifungo, likarudi kwenye kola, ndipo likafika usoni.

Halafu mimi ni Mnubi. Wazee wetu waliingia nchi hii na bunduki begani. Walikuwa askari wa Kisudani walioachwa Equatoria, jimbo la kusini mwa Sudan, pale gavana wao Emin Pasha alipoondoka na msafiri Stanley mwaka 1889; Lugard, ofisa Mwingereza, akawakuta karibu na Ziwa Albert mwaka 1891, akawaandikisha upya, na watoto wao wakawa miongoni mwa askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la wakoloni Waingereza lililoundwa 1902. Kibra yenyewe, ekari 4,197, ilitangazwa rasmi 1918 kuwa makao yao. Hati tuliyokabidhiwa 2017 ni ya ekari 288, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine. Nilichotaka kusema ni kwamba utotoni nilisikia wazee wakiitwa Shawish na Ombasha, vyeo vya jeshi, mpaka nikadhani ndiyo majina waliyopewa siku ya akika. Kalenda ya majemadari haiwezi kunipita hivi hivi.

Sasa karatasi. Inang'aa, lakini ni nyepesi: dirisha likiwa wazi, picha ya mwezi ujao inaonekana kwa nyuma katikati ya tarehe za mwezi huu, na ndiyo maana Menelik wa Machi alianza kutuchungulia Februari haijaisha. Kona za chini zimejikunja kwa joto la pasi yangu ya makaa. Wino mweusi umeshika vizuri, mwekundu haukushika, kwa hiyo sikukuu zote za taifa zimepauka zikawa waridi. Waya ulikuwa umefunguka mwisho mmoja, nikaubana kwa koleo. Tarehe nimezikagua. Oktoba 10 wameiandika Siku ya Utamaduni ilhali siku hizi ni Siku ya Mazingira. Idd zote mbili wameziwekea nyota na maneno "kutegemea kuandama kwa mwezi", na hapo nawapa heko, maana kuna kalenda za bei mbaya zaidi zinazotupangia Idd kana kwamba mwezi unasoma gazeti la serikali.

Lawama yangu kubwa ni ya mchoraji. Kila mtu amewekewa miale ya jua nyuma ya kichwa. Mkristo, Mwislamu, kiongozi wa dini ya Wanandi, wote miale ile ile ya dhahabu, kana kwamba imani ni taa inayowashwa kutoka nyuma. Ukishaona miezi mitatu umeona yote. Kinachoiokoa kalenda ni maelezo ya chini, ambayo mahali pengine yameandikwa na mtu aliyesoma, na mahali pengine na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Januari ni Charles Gordon, Mwingereza aliyeuawa Khartoum tarehe 26 Januari 1885. Amevalishwa tarbushi nyekundu na koti jeusi la vifungo safu mbili, amesimama juu ya ngazi. Nimelikagua koti hilo. Upande mmoja haupandi juu ya mwingine hata kidogo; vifungo vipo, matundu hayana pa kukaa. Koti la hivyo halifungiki, na mteja wangu yeyote angelirudisha. Maelezo yanasema Gordon alikuwa mtu wa Biblia, na ni kweli. Yanasema aliushikilia mji uliozingirwa tangu Machi 1884, na kwamba msaada kutoka kwao ulifika siku mbili baada ya yeye kuuawa. Hayo nayo ni kweli. Wasichokisema ni kwamba aliyeuzingira mji, Muhammad Ahmad aliyejitangaza kuwa Mahdi, naye alikuwa mtu wa sala na funga, na maelfu walimfuata kwa imani tupu. Mahdi mwenyewe hakumaliza mwaka. Alifariki Juni hiyo hiyo. Kwa hiyo ukitafuta jemadari wa imani pale Khartoum, alikuwapo mmoja kila upande wa ukuta, na kalenda imechukua wa ndani peke yake bila hata kumtaja mwenzake kwa wema.

Mzee mmoja jirani yetu aliukodolea macho ukurasa huo mpaka nikamvutia kiti.

"Huyu ndiye aliyempa Emin ugavana," akaniambia. "Bila yeye, binti yangu, wewe saa hii ungekuwa unashona nguo Juba."

"Basi ni shujaa wako, Haji?"

"Shujaa ni yule askari aliyebaki kule porini na bunduki yake bila mshahara, anangoja amri isiyokuja. Huyu alikuwa mkubwa tu."

Nilimtilia chai, na hatukuzungumza tena habari ya Gordon. Ila tangu hapo kila ukurasa naupima kwa maneno yale.

Februari ilinipa shida, na shida yenyewe haikutoka kwa mchapishaji. Ni Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau. Babu yangu mzaa baba alikuwa KAR wakati wa Hali ya Hatari, na KAR ndiyo iliyoingia misitu ya Nyandarua kuwasaka Kimathi na watu wake. Babu hakuwahi kutusimulia. Akiulizwa alikuwa anasema kulikuwa na baridi, basi. Na Kimathi mwenyewe aliwahi kuandikishwa kwenye jeshi la Waingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, jambo ambalo kalenda inaliruka, labda kwa kuona haya. Mimi sioni haya ni ya nini. Mtu anaweza kujua bunduki upande mmoja akaitumia upande mwingine.

Mchoraji amempa koti la ngozi ya chui lenye mikono mirefu, na hapo hakukosea. Ngozi ya chui ndiyo aliyokuwa nayo siku alipopigwa risasi ya mguu akakamatwa, tarehe 21 Oktoba 1956. Madoa ameyachora moja moja kwa uvumilivu, yakiwa makubwa mgongoni na madogo kuelekea kiganjani, jinsi ngozi yenyewe inavyokwenda. Ukitaka kulinganisha, teremka mtaa wa Kimathi utazame sanamu iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe: bunduki mkono mmoja, jambia mkono wa pili, gwanda la kijeshi. Kalenda nayo imempa bunduki na jambia. Lakini kalenda inadai ni ya imani, na kitu cha imani alichotuachia Kimathi ni barua. Siku moja kabla ya kunyongwa Kamiti alimwandikia Padri Marino wa misheni ya Nyeri. Hakuna vita ndani yake. Anasema ana shughuli nyingi na furaha nyingi za kujiandaa kwenda mbinguni kesho yake, anaomba mama yake aangaliwe, anataka mwanawe apelekwe shule. Ingeandikwa hiyo peke yake chini ya picha, ningesimama kila asubuhi nikaisoma. Badala yake tumepewa "simba wa msituni" na miale. Mwili wake mpaka leo familia haijakabidhiwa. Hilo walikumbuka kuliandika, na nawashukuru.

Jirani yangu muuza sukuma wiki, mwenyeji wa Murang'a, alikuja kuchukua sare ya mtoto akaiona.

"Na wa kwenu yuko wapi?" akaniuliza.

"Wa kwetu hayumo."

"Basi mwezi huu ni wetu," akasema, akalipa, akaenda zake akicheka.

Machi nitaipita upesi kwa sababu ni ukurasa mzuri usio na matata. Menelik II, mfalme wa Ethiopia, na vita vya Adwa dhidi ya Waitalia, 1 Machi 1896, siku ambayo kwa kalenda ya Kihabeshi ni ya Mtakatifu Giorgis, ambaye tabot yake, kibao kitakatifu cha kanisa, ilibebwa mpaka vitani. Ninachotaka kuongeza ni kwamba Malkia Taytu amechorwa nyuma ya mumewe, amefunikwa shela, mdogo. Mama huyo alikuwa na kikosi chake mwenyewe, na ndiye aliyetoa shauri la kuwakatia maji Waitalia walipojifungia kwenye ngome ya Mekelle, wakasalimu amri. Mwanamke aliyeshinda ngome kwa kushika kisima alistahili mwezi wake.

Aprili ni Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi yetu, aliyefariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024 huko Elgeyo Marakwet, yeye na wanajeshi wengine tisa. Hii ndiyo sare iliyochorwa vizuri kuliko zote, na bila shaka imenakiliwa kutoka picha halisi: bluu ya Jeshi la Anga, kola imelala sawa, nishani zimenyooka mstari mmoja juu ya mfuko, na mshono wa bega umekaa pale pale bega linapoishia, haukuteleza kuelekea mkononi. Mabega yaliyoteleza ndiyo ugonjwa wa sare nyingi za walinzi mnaowaona mjini, kwa sababu kampuni hununua saizi moja kwa watu wote halafu mimi ndiye wa kurekebisha.

Kijana mmoja askari wa lango, kwao ni Siaya, alikuja kupunguziwa suruali. Nilikuwa nimepiga magoti nabana pindo kwa pini nikasikia mguu umekakamaa. Kumbe amesimama wima mbele ya ukuta.

"Mama, huyu ndiye alizikwa bila sanduku."

"Ndiye, mwanangu. Simama vizuri nisikudunge."

"Kwetu watu wanauza ng'ombe ili sanduku liwe zuri. Yeye alikuwa na uwezo wa sanduku lolote, na akakataa."

Alizikwa nyumbani kwao Jumapili tarehe 21, siku ya tatu, jinsi alivyokuwa ameagiza. Mimi Mwislamu sijui mazishi ya namna nyingine: sanda, udongo, na kutokawia. Lakini kumwona mtu wa cheo kile, asiye wa dini yangu, akichagua hivyo akiwa hai na akawafunga watu wake kwa wosia, kulinigusa kuliko upanga wowote kwenye kalenda hii. Maelezo ya chini yanaorodhesha vyeo vyake toka alipojiunga na jeshi 1984 mpaka akawa Mkuu wa Majeshi 2023. Mazishi hayamo. Nimeandika mwenyewe kwa kalamu ya chaki, pembeni.

Mei wamemweka Jeanne d'Arc, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ni kesi ya nguo. Wengi wanajua kwamba alikuwa msichana wa kijijini Ufaransa, kwamba alisema anasikia sauti za watakatifu, kwamba aliongoza jeshi kuufungua mji wa Orléans mwezi Mei 1429, na kwamba alichomwa moto Rouen tarehe 30 Mei 1431 akiwa na umri wa miaka 19 hivi. Sikujua, mpaka niliposoma zaidi, kwamba mavazi yalikuwa sehemu kubwa ya mashtaka. Alivaa nguo za kiume. Alipokubali kuziacha, akaponea. Alipoonekana amezivaa tena gerezani, wakasema amerudia ukafiri, na hiyo ikawa njia ya kuelekea kwenye kuni. Suruali na koti. Mimi huletewa na akina mama wa kampuni za ulinzi suruali za sare zilizokatwa kwa mwili wa mwanamume, nikazipanua nyonga na kuzibana kiuno, na kila mara sasa namkumbuka msichana huyu.

Bendera yake nayo wameikosea. Kwenye kalenda ni nyekundu yenye msalaba wa dhahabu. Yeye mwenyewe aliwaeleza mahakimu ilivyokuwa: kitambaa cheupe kilichotawanyiwa maua ya yungiyungi, dunia imechorwa juu yake, malaika wawili, majina ya Yesu na Mariamu, na ukingoni nyuzi za hariri. Mtu ameshatoa maelezo kamili ya kitambaa kizimbani, miaka karibu mia sita iliyopita, na bado mchoraji wa Nairobi anajibunia nyekundu! Na walipomwuliza anapenda nini zaidi, bendera au upanga, alijibu kwamba bendera anaipenda mara 40 zaidi. Alisema aliibeba yeye mwenyewe ili asije akaua mtu. Kalenda imemchora ameinua upanga juu, bendera imebebwa na mwanamume nyuma yake.

Sasa Juni, ukurasa ambao peke yake ungenifanya nilipe zile 300. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal. Alikuwa mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa huko Rwanda mwaka 1994. Siyo jenerali, na nimesikia mteja akinung'unika kwamba kapteni anatafuta nini katikati ya wafalme. Mauaji yalipoanza, tarehe 7 Aprili, waziri mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa, watoto wake wakawa wamejificha hapo karibu. Kapteni huyu aliwachukua kwa gari lake akawapeleka Hoteli ya Mille Collines. Baada ya hapo hakukoma. Wiki baada ya wiki alipita vizuizi vya barabarani na watu wachache wachache garini, bila silaha, akiwatania wale waliosimama na mapanga, akiwagawia sigara, akijua jina la huyu na mzaha wa yule. Watu wanaokumbuka wanasema ni mamia waliopona kwa mikono yake. Alikuwa Mwislamu mshika dini. Tarehe 31 Mei kombora liliangukia karibu na gari lake kwenye kizuizi mjini Kigali, akafa papo hapo, umri miaka 36. Mwaka 2014 Baraza la Usalama likaanzisha nishani ya ushujaa yenye jina lake.

Na hapa mchoraji, sijui nini kilimpata siku hiyo, alisahau miale. Kapteni amechorwa ameegemea mlango wa gari jeupe, kofia ya bluu imeinamia upande, meno yote nje, mkono mmoja mfukoni. Shati limekunjwa mikono mpaka juu kidogo ya kiwiko, mkunjo mpana, ule wa askari. Raia hukunja nyembamba nyembamba. Kifungo cha pili kutoka juu kimelegea uzi. Sijui kama alikusudia, lakini uzi ule unaning'inia, na kila nikiutazama mkono unanisisimka kuchukua sindano. Hicho ndicho kipande bora cha kazi katika kalenda nzima.

Julai ni Salahuddin al-Ayyubi, ushindi wa Hattin, 4 Julai 1187. Wamempa uso wa mwigizaji na macho ya kijani. Maelezo lakini ni ya haki: yanataja kwamba alipoichukua Jerusalemu Oktoba hiyo aliwaachilia wengi waliokosa fidia, na kwamba alipofariki Damascus 1193 hazina yake haikuwa na pesa za kumzika. Ukurasa safi, na wateja Wakristo wameupenda kuliko nilivyotarajia.

Agosti ndiyo iliyonikasirisha. Khalid ibn al-Walid, sahaba wa Mtume, rehema na amani zimshukie, na wamemchora uso! Ndevu, jicho, pua, kila kitu. Mchapishaji aliyekumbuka adabu ya mwezi wa Idd alishindwaje kumwuliza imamu mmoja, au hata muuza kahawa wa Eastleigh, kwamba masahaba sisi hatuwachori? Jina lake kwa maandishi mazuri ya Kiarabu lingetosha, au upanga tu, kwa kuwa ndiye aliyeitwa Upanga wa Mwenyezi Mungu. Nimekata kipande cha bitana ya kijani nikakibana kwa pini juu ya uso huo, na kitakaa hapo. Nasikitika zaidi kwa sababu maneno yaliyo chini ni mazuri. Yanasimulia jinsi panga tisa zilivyomvunjikia mkononi siku ya Mu'tah, halafu, na hili ndilo ambalo wengi hulipita, jinsi Khalifa Umar alivyomvua ukuu wa jeshi akiwa katikati ya ushindi, naye akabaki kupigana chini ya Abu Ubaida. Hakujitenga, hakufanya uasi, hakuanzisha jeshi lake. Alifia kitandani Homs, mwaka 642, mtu aliyetamani kufa vitani. Nimewaona watu wakishushwa cheo cha ulinzi wa lango kuu wakapelekwa la nyuma, wakaacha kazi siku hiyo hiyo.

Miezi iliyobaki inakwenda kwa mwendo wa haraka, na naona mwandishi alikuwa amechoka. Septemba ni Fildi Mashali Muthoni wa Kirima, aliyefariki Septemba 2023. Wamemchora na nywele zake ndefu za msituni, zile alizokuja kunyolewa na Mama Ngina Kenyatta Aprili 2022, lakini maelezo ni mistari mitatu tu. Mistari mitatu, kwa mwanamke aliyepewa cheo cha juu kabisa cha Mau Mau! Oktoba ni Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa dini, wa Wanandi, aliyepigwa risasi na Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905 alipoitwa kwa mazungumzo ya amani. Meinertzhagen alikuwa ofisa wa KAR. Tena ni jeshi lile lile la wazee wangu. Ukiishi na kalenda hii ukiwa Mnubi utazoea kukutana nalo nyuma ya pazia. Novemba ni Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo, msuluhishi wa vita vya Sudan, aliyekaa na pande mbili Machakos na Naivasha mpaka mkataba ukatiwa sahihi hapa Nairobi Januari 2005. Kumweka jenerali aliyemaliza vita kwa kukaa kwenye kiti ni uchaguzi wa busara. Kumchora ameshika bastola ni upuuzi.

Desemba hakuna mtu. Kuna tangazo la mchapishaji: kadi za harusi, vitabu vya risiti, mabango ya mazishi, na sala fupi ya kufungia mwaka. Ukurasa mzima!

Niliporudi mjini kununua vifungo, nilimpitia muuzaji, kijana mcheshi mwenye mdomo mwepesi.

"Mathe, umerudi kuongeza nyingine?"

"Nimerudi kukuuliza mwezi wa Disemba ameuza nani."

Akacheka. Nikamwambia avuke aende Kenyatta Avenue, asimame mbele ya sanamu ya askari iliyopo pale tangu 1928. Watu watatu wa shaba: Mwarabu mpiga bunduki, askari wa KAR, na mchukuzi wa mizigo wa Kariakoo, yaani kile kikosi cha wachukuzi, Carrier Corps. Hawana majina. Chini yake pameandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu kwamba wachukuzi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Wamchore yule mchukuzi, nikamwambia, hana bunduki hivyo hatawasumbua, na hana haja ya miale. Na vazi lake ni rahisi, hata mchoraji wenu hawezi kulikosea.

"Sasa huyo mathe, imani yake tutaandika ni ipi?"

"Andika yoyote. Walikuwamo wa kila dini."

Akasema atawafikishia. Akaniuzia vifungo vya rafiki yake kwa bei ambayo sitaitaja.

Ukienda kununua, fungua kwanza Juni uone kama kofia ya bluu imetoka vizuri. Kuna nakala ambazo wino umeteleza na Kapteni ana nyusi mbili mbili. Kisha vuta waya wa juu kidogo kwa kidole, mwisho wa kushoto. Ukilegea, mwambie akupe nyingine, anazo kwenye gunia nyuma yake. Mwislamu mwenzangu, beba pini.